Kesi ya Kuku: Olof Palme na Sauti ya Nchi Ndogo

Sisi Wapare tuna sifa moja ambayo popote tunapokwenda tunaikuta imeshafika kabla yetu. Eti Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili apate gharama za kuendesha kesi ya kuku. Wachaga wanatutania hivyo, Wasambaa wanatutania hivyo, na hapa chuoni kila nikisema kwetu ni Same hakosekani mtu wa kuniuliza kuku wangu yuko mahakama gani. Sikasiriki, utani ni utani. Lakini ukiutazama vizuri, utani huu umebeba swali zito: mdogo akidhulumiwa na mkubwa, anyamaze kwa sababu kesi itamgharimu kuliko kile alichonyang'anywa?

Leo nataka kusimulia maisha ya mtu aliyelijibu swali hilo mbele ya dunia nzima. Hakuwa Mpare, wala hakuwa Mwafrika. Aliitwa Olof Palme, Waziri Mkuu wa Sweden kuanzia 1969 hadi 1976, na tena kuanzia 1982 mpaka usiku alipouawa kwa risasi mwaka 1986. Wazazi wetu waliosoma enzi za Mwalimu wanalijua jina hilo. Sisi tuliozaliwa miaka ya 2000 wengi wetu hatulijui kabisa.

Mimi nilimfuatilia nikiwa BTP. Nilipangiwa shule moja ya kata huku kwetu wilayani Same, nikafundisha Historia kidato cha nne. Tulipofika kwenye ukombozi wa kusini mwa Afrika niliorodhesha ubaoni waliosaidia: nchi za mstari wa mbele, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Wachina, Warusi, na mwishoni nchi za Nordic. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Akasema Wachina na Warusi anawaelewa, maana walikuwa wanagombana na Wamarekani. Sasa hao Nordic walikuwa wanatafuta nini? Kengele ikalia nikiwa nimemjibu nusu tu. Nusu iliyobaki ndiyo hii.

Mtoto wa wenye nazo

Palme alizaliwa Stockholm tarehe 30 Januari 1927, katika familia ya matajiri wahafidhina. Mama yake alitoka ukoo wa makabaila wa Kijerumani waliokuwa wakiishi Latvia. Baba alifariki Olof akiwa bado mtoto mdogo. Mwenyewe alikuwa mgonjwamgonjwa, akawa anashinda ndani na vitabu, na lugha za kigeni alizianza mapema. Kwa namna alivyoanza, ungetegemea awe mkurugenzi wa benki au ofisa wa jeshi, astaafu kwa amani na asijulikane nje ya Sweden.

Kilichombadilisha ni safari na siasa za wanafunzi. Alipata nafasi ya kusoma Marekani, katika chuo cha Kenyon jimboni Ohio, akahitimu mwaka 1948. Baada ya hapo akaizunguka nchi hiyo kwa kuomba lifti, akaona umaskini na ubaguzi dhidi ya watu weusi ambao haukuwemo kwenye vitabu alivyosomeshwa. Aliporudi Sweden kusoma sheria akaingia kwenye jumuiya ya wanafunzi. Katika miaka hiyo alifanya mambo mawili yanayonifurahisha sana.

La kwanza, mwaka 1949 alifunga ndoa ya karatasi na msichana wa Chekoslovakia ili huyo binti aweze kutoka nchini kwake, ambako wakomunisti walikuwa wameshika madaraka mwaka mmoja nyuma. Alipokuwa salama, wakaachana, kila mmoja akaendelea na maisha yake. La pili, yeye na wanafunzi wenzake walitoa damu kwa malipo, na pesa zile zikachangia masomo ya mwanafunzi mweusi wa Afrika Kusini. Tafakari hilo wewe unayesubiri boom liingie. Wanafunzi wa Ulaya waliuza damu yao halisi kwa ajili ya mtu wasiyewahi kumwona.

Mwaka 1952 akawa mwenyekiti wa umoja wa wanafunzi wa Sweden yote. Mwaka uliofuata akatembelea nchi kadhaa za Asia, akaona kwa macho yake ukoloni ulichoacha. Akiwa bado kijana wa miaka 26, Waziri Mkuu Tage Erlander akamchukua kuwa msaidizi wake. Hapo ndipo safari yake ya serikali ilipoanza: ubunge, kisha uwaziri kuanzia 1963, halafu wizara ya mawasiliano, halafu wizara ya elimu mwaka 1967, na Oktoba 1969 akawa Waziri Mkuu akiwa na miaka 42. Yaani aliyepitia kwenye siti za serikali ya wanafunzi kama hizi zetu aliishia kuwa mtu ambaye ikulu ya Marekani ilimkasirikia kwa jina.

Macho ya mtu wa chini ya mfereji

Ili kumwelewa Palme, ngoja niwapeleke kwanza milimani kwetu. Upareni kuna mabwawa madogo yanayoitwa ndiva. Maji ya kijito yanajazwa humo usiku, asubuhi yanafunguliwa yateremke kwa mifereji kwenda mashambani, kwa zamu. Mwenye shamba karibu na ndiva hana shida sana na zamu. Akitaka, anachepusha maji gizani na hakuna wa kumwona. Anayeihitaji zamu ni yule wa chini kabisa, ambaye mahindi yake yatakauka utaratibu ukivunjwa. Na huyo wa chini, kama ana akili, atapiga kelele hata siku ambayo aliyeibiwa maji ni jirani yake, kwa sababu anajua zamu ikishavunjwa kwa jirani na watu wakakaa kimya, inayofuata ni yake.

Sweden ya Palme ilikuwa mtu wa chini ya mfereji. Ilikuwa na watu kama milioni 8, pungufu ya Tanzania, ambayo sensa yake ya 1967 ilihesabu zaidi ya milioni 12. Upande mmoja walikuwepo NATO, upande wa pili Umoja wa Kisovieti. Tangu 1814 Sweden haikuwa imepigana vita na mtu, na sera yake ilikuwa kutojiunga na kambi yoyote ya kijeshi wakati wa amani ili iweze kubaki nje wakati wa vita.

Wengi waliitafsiri sera hiyo kuwa ni kukaa kimya. Kimya hicho kilikuwa na historia yake chafu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Sweden iliendelea kuwauzia Wajerumani chuma, na ikaruhusu wanajeshi wa Kijerumani kupita kwa treni kwenye ardhi yake. Ilinusurika kwa kumuepuka mkubwa, huku majirani zake Norway na Denmark wakikaliwa na majeshi ya Hitler.

Palme aliona vingine. Kwake, kutofungamana hakukumaanisha kufunga mdomo. Kama nchi ndogo haina jeshi la kuitisha dunia, kinga iliyobaki ni kanuni: kwamba mipaka inaheshimiwa, kwamba kila taifa lina haki ya kujiamulia mambo yake, kwamba mkubwa naye anafungwa na sheria. Kila mara kanuni hiyo inapovunjwa popote pale, nchi ndogo zote zimepungukiwa na kinga. Hilo ndilo jibu la yule binti wa dawati la nyuma. Huruma ilikuwepo, ndiyo, lakini chini ya huruma kulikuwa na hesabu ya mtu wa bondeni anayelinda zamu.

Bei ya kusema

Februari 1968, akiwa waziri wa elimu, Palme aliandamana usiku katika mitaa ya Stockholm kupinga vita vya Vietnam, akiwa amebeba mwenge, bega kwa bega na balozi wa Vietnam ya Kaskazini aliyekuja kutoka Moscow. Waziri wa serikali, siyo mwanaharakati wa mtaani! Marekani ikamwita balozi wake arudi nyumbani. Miezi michache baadaye, Agosti 1968, majeshi ya Kisovieti na washirika wake yakaivamia Chekoslovakia, na Palme akawalaani Warusi nao. Wale waliodhani ni kibaraka wa Moscow wakabaki hawana la kusema.

Desemba 1972 Marekani ilipoishambulia Hanoi kwa mabomu mfululizo kipindi cha Krismasi, Palme, sasa Waziri Mkuu, alitoa tamko akiliweka shambulio hilo kwenye orodha moja na mauaji mabaya ya karne ile, yakiwemo ya Wanazi. Serikali ya Nixon ikakasirika. Sweden ikaambiwa isilete balozi mpya Washington, na uhusiano ukabaki umeganda mpaka 1974. Mwaka 1975, Franco wa Hispania alipowaua kwa kuwapiga risasi wapinzani wake, Palme alishika kopo la michango akasimama barabarani Stockholm kuwachangishia wapigania demokrasia wa Hispania, kama sisi tunavyopitisha kopo la rambirambi hosteli.

Sasa, bei. Huko nyuma kwetu Upareni tuna kisa kinachofanana na hiki, nacho Profesa Isaria Kimambo amekiandikia kitabu. Serikali ya Mwingereza ilileta kodi iliyoitwa mbiru, ambayo kila mtu alikadiriwa kulingana na mali aliyodhaniwa kuwa nayo. Wapare hawakukataa kulipa kodi. Walikataa namna ya kukadiriwa, ambapo mtu anaingia kwenye boma lako, anahesabu anavyotaka, na wewe huna pa kukata rufaa. Mwaka 1945 maelfu waliteremka kutoka milimani mpaka Same mjini, wakapiga kambi mbele ya serikali. Waliacha mashamba, wanawake nao wakaingia kwenye harakati, na mvutano ukaendelea mpaka kodi ile ikaondolewa. Ukipiga hesabu ya siku za kazi zilizopotea, pengine kulipa kungekuwa rahisi zaidi. Kesi ya kuku hiyo. Lakini kuku hakuwa ndiye hoja. Hoja ilikuwa nani anaruhusiwa kuingia bomani kwako na kuhesabu.

Kwa hiyo kila nikisoma habari za Palme najiuliza swali moja tu: hapa alilipa nini? Vietnam alilipa. Chekoslovakia alilipa kidogo. Tukija kusini mwa Afrika, hesabu inakuwa ngumu zaidi.

Kibaha, Dar es Salaam na Morogoro

Mwalimu Nyerere naye alikuwa anaendesha kesi zake za kuku. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu Uingereza ilishindwa kuwazuia walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukapotelea hapohapo. Nchi maskini iliyopata uhuru juzi tu ikajinyima pesa za maendeleo kwa ajili ya watu wa nchi nyingine. Ndiyo maana Palme na Nyerere walielewana. Wote wawili waliongoza nchi ambazo hazikuwa na mabavu, na wote waliamini mdomo wa mdogo una kazi.

Uhusiano wenyewe ulianza kabla ya Palme kuwa Waziri Mkuu. Mwaka 1963 nchi za Nordic zilikubaliana na Tanganyika kujenga kituo cha Kibaha chenye shule, afya na mafunzo ya kilimo, na mwaka 1970 kikakabidhiwa kwa Tanzania. Leo tunakijua kama Shirika la Elimu Kibaha, na humu chuoni kuna wenzetu waliosoma Kibaha Sekondari bila kujua waliojenga walikuwa nani. Baadaye, kuanzia 1975, vikaja vyuo vya maendeleo ya wananchi, zaidi ya 50 nchi nzima, kwa mfano wa vyuo vya watu wazima vya Sweden, ambako mkulima aliyeishia darasa la saba anaweza kurudi kujifunza bila kuulizwa cheti. Sisi wa elimu tungepaswa kuvisoma hivi zaidi ya tunavyovisoma.

Dar es Salaam nayo ndiyo ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi na vyama vya wapigania uhuru. Sweden ilianza kuisaidia Taasisi ya Msumbiji, shule ya FRELIMO pale Dar, mwaka 1965. Kisha mwaka 1969 bunge la Sweden likakubali serikali itoe msaada moja kwa moja kwa vyama vya ukombozi. Hili lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu Ureno ilikuwa mwanachama wa NATO, na serikali za magharibi nyingi ziliwaita wapigania uhuru magaidi. Msaada ulikuwa chakula, nguo, dawa, magari na elimu, bila silaha. PAIGC, FRELIMO, SWAPO, ANC na wengine wakapata. Septemba 1971 Palme mwenyewe alikuja Tanzania na Zambia. Miaka ya baadaye, ANC ilipojenga shule yake Mazimbu, Morogoro, kwa ajili ya vijana waliokimbia Soweto, pesa za Nordic zilikuwemo.

Nisimpambe Palme kwa kumfananisha na Mwalimu katika kila kitu. Kuna mahali wanatofautiana na linatuhusu sisi wanafunzi. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu akawafukuza karibu 400. Mei 1968 wanafunzi wa Stockholm waliliteka jengo la umoja wao wenyewe, na waziri wa elimu akaenda mwenyewe mle ndani kujibizana nao. Walimzomea. Hakukubaliana nao, akawaambia waheshimu njia za kidemokrasia, lakini alisimama pale akasikiliza. Nadhani alikumbuka alikotoka.

Kuku wa nyumbani

Mtu anayesema sana kuhusu dhuluma za wengine lazima akaguliwe nyumbani kwake. Palme akikaguliwa, hatoki msafi.

Mwaka 1973 waandishi wa Sweden walifichua kwamba kulikuwa na idara ya siri ya ujasusi iliyokuwa ikiwapeleleza raia wa mrengo wa kushoto bila bunge kujua. Serikali ya Palme ikakana kwanza, na waandishi waliofichua wakafungwa jela. Miaka mingi baada ya kifo chake ikathibitika pia kwamba Sweden isiyofungamana ilikuwa na ushirikiano wa siri wa kijeshi na nchi za NATO wakati wote wa Vita Baridi. Kumbe kutofungamana kwenyewe kulikuwa na mlango wa nyuma.

Kuna silaha pia. Palme aliongoza tume ya kimataifa ya kupunguza silaha, ambayo mwaka 1982 ilitoa ripoti ikisema hakuna nchi inayoweza kuwa salama kwa kumtisha jirani, usalama ni wa wote au si wa yeyote. Wakati huohuo Sweden ilikuwa inatengeneza na kuuza mizinga nje, na Palme mwenyewe aliisaidia kampuni ya Bofors kupata soko India. Mkataba ulitiwa saini Machi 1986, wiki chache baada ya yeye kufa, na mwaka uliofuata ikaibuka kashfa kubwa ya rushwa. Kuhusu makaburu, makampuni ya Sweden yaliendelea kufanya biashara Afrika Kusini miaka yote ambayo Palme alikuwa akiwalaani. Sweden ilipiga marufuku biashara hiyo kwa ujumla mwaka 1987, yeye akiwa hayupo.

Hata kwetu. Katikati ya miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa hoi: dukani hakuna sukari, hakuna sabuni, na IMF ilitaka tukubali masharti ambayo Mwalimu aliyakataa kwa miaka. Nchi za Nordic, marafiki zetu wakubwa, nazo zikaungana na waliotutaka tukubaliane na IMF. Palme alikuwa madarakani Stockholm wakati huo. Waziri wetu wa fedha aliyebeba mzigo huo alikuwa mtoto wa Usangi, Cleopa Msuya, na mkataba ukafikiwa mwaka 1986. Mtu anaweza kusema ulikuwa ushauri mzuri wa rafiki. Mwingine atasema rafiki alichoka kulipa. Mimi ninachosema ni kwamba hapo tuliona mwisho wa kamba ulikuwa wapi.

Je, haya yanafuta yale? Sioni hivyo. Wapare wa mbiru nao hawakuwa malaika, na walikuwa na dhuluma zao za nyumbani. Anayedai zamu ya maji si lazima awe mtakatifu. Lakini unafiki una gharama yake: kila ukigundulika, sauti yako inapungua uzito. Na kwa nchi ndogo, uzito wa sauti ndiyo mali yote iliyo nayo.

Usiku wa Sveavägen

Palme alishindwa uchaguzi wa 1976, chama chake kikatoka madarakani baada ya miaka 44. Hakukaa kimya. Mwaka 1980 Umoja wa Mataifa ulimtuma kupatanisha Iran na Iraq. Alikwenda na kurudi mara nyingi, na hakufanikiwa, vita vile vikaisha 1988. Mwaka 1982 alirudi kuwa Waziri Mkuu. Mei 1984 yeye na Nyerere, pamoja na viongozi wa India, Meksiko, Argentina na Ugiriki, walitoa wito kwa mataifa yenye silaha za nyuklia yasitishe mashindano yao, na Januari 1985 wakakutana New Delhi kuurudia. Nchi sita, hakuna hata moja kati ya wakubwa wa Vita Baridi. Watu wa chini ya mfereji wanawaambia wa juu kwamba bwawa likipasuka, hakuna shamba litakalobaki.

Tarehe 21 Februari 1986 Palme alihutubia mkutano mkubwa Stockholm dhidi ya ubaguzi wa rangi, Oliver Tambo wa ANC akiwa ukumbini. Hoja yake ilikuwa kwamba mfumo ule unaishi kwa sababu dunia inauunga mkono, na dunia ikiacha, utakufa. Wiki moja baadaye, Ijumaa usiku tarehe 28 Februari, aliwaruhusu walinzi wake wakapumzike, akaenda sinema na mkewe Lisbet. Walipokuwa wanarudi kwa miguu kwenye barabara ya Sveavägen, mtu akaja kwa nyuma akampiga risasi. Alikuwa na miaka 59. Mtu mmoja alihukumiwa mwaka 1989, akaachiwa kwa rufaa. Mwaka 2020 mwendesha mashtaka alifunga jalada akimtaja mshukiwa ambaye alikuwa ameshafariki. Kesi haijawahi kuamuliwa mahakamani mpaka leo.

Tunaachiwa nini

Baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022, Sweden iliomba kuingia NATO, na tarehe 7 Machi 2024 ikawa mwanachama. Sera ya miaka 200 ikaisha. Wapo wanaosema Palme amezikwa mara ya pili. Siwalaumu Waswidi, jirani yao ana mabomu na amevamia mtu. Walipima bei ya kusimama peke yao wakaona ni kubwa mno. Lakini nadhani mtu wa bondeni akihamia karibu na ndiva, swali la zamu analitazama tofauti. Tutaona.

Kinachonihusu mimi ni upande wetu. Hapa chuoni nimesikia mara nyingi, kwenye vimbweta na hata kwenye vikao, kwamba vita vya wengine havituhusu, tushughulikie boom na maji hosteli. Hivyo vya kwanza tushughulikie, kweli. Lakini Oktoba 2023 vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kujifunza kilimo waliuawa katika vita ambavyo havikuwa vyao. Januari 2025 Goma ilianguka, katika nchi iliyo ng'ambo ya ziwa tu kutoka kwetu, na wakimbizi wa Kongo wako Nyarugusu miaka nenda rudi. Vita vya wengine vina tabia ya kufika bila kuuliza kama tumefungamana.

Wenzetu wa serikali ya wanafunzi, siwaombi mtoe matamko mengi. Matamko ni rahisi, karatasi moja na mhuri. Naomba kila tamko liwe na mstari mmoja wa ziada unaosema sisi tunatoa nini: siku ngapi, shilingi ngapi, nafasi gani ya masomo kwa mwanafunzi mkimbizi. Wale wa Stockholm walitoa damu. Kama mstari huo hatuwezi kuujaza, basi tukae kwanza, tupige hesabu ya ng'ombe tulio nao, ndipo tuamue kama kuku huyu tunamdai au tunamwachia.